Gauni la Magamba

Nesi wa zahanati hakupandisha sauti. Alimsikiliza Malimi mgongoni kwa muda mrefu, akamgeuza, akamsikiliza kifuani, kisha akamfunga vifungo vya shati mwenyewe, kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta namna ya kusema.

"Mama Malimi, mchana huyu mtoto anashinda wapi?"

"Ninashinda naye kazini. Mgongoni."

"Kazi gani?"

"Mapanki."

Nesi akaweka kalamu chini. "Mtoe kwenye moshi. Dawa nitakupa, lakini ukimrudisha palepale, mwezi ujao utamleta hapa akiwa hawezi hata kunyonya. Sikutishi, mdogo wangu. Nakuambia."

Ng'washi akaitikia, akambeba mwanawe, akashuka njia ya mawe kuelekea ziwani, na alipofika akaingia kazini vilevile, mtoto mgongoni. Angempeleka wapi? Mayala, baba yake Malimi, aliondoka kwenda visiwani kuvua dagaa mtoto akiwa hajaota jino, na tangu hapo simu yake haipatikani. Malimi sasa alikuwa na mwaka na miezi miwili.

Mapanki ni mifupa ya sangara, minofu ikishaondolewa kwa ajili ya watu wa mbali, kichwa na mkia vikiwa bado vimeshikana. Hufika uwanjani kwa toroli. Kina mama huitandaza juani, wengine huikaanga katika mapipa yaliyokatwa, na moshi wake ni mzito, wa mafuta, hauondoki kwenye nywele wala kwenye kanga. Tangu siku ile ya nesi, Ng'washi alikuwa akigeuza mifupa huku akihesabu vikohozi nyuma yake. Vikifika ishirini anaanza upya.

Juu kidogo ya uwanja palikuwa na ukumbi wa zamani ulioezekwa bati, na humo kikundi cha maigizo kilikuwa kwenye mazoezi. Walikuwa wanaandaa mchezo wa nyimbo mwanzo hadi mwisho, habari za klabu moja ya dansi hapa Mwanza, mwaka ule askari waliporudi kutoka vita ya Kagera. Madukani hakuna sukari, hakuna sabuni, lakini ndani ya Klabu Zuhura taa zinawaka, wanaume wako ndani ya suti, na mwimbaji anashuka ngazi na gauni linalong'aa, akimsubiri mpiga tarumbeta wake ambaye hajarudi kutoka vitani. Saa ya kupumzika Ng'washi alikuwa akienda kusimama dirishani pale ili Malimi apate hewa safi. Ndivyo alivyojiambia. Kwa kweli alikuwa anatazama nguo.

Siku moja upindo wa sketi ya mcheza dansi ulifumuka katikati ya mazoezi. Ng'washi akaingia bila kuitwa, akachomoa sindano aliyoichomeka kwenye kanga, akapiga magoti, akashona. Jonathan, mkuu wa kikundi, mwanamume mrefu anayetembea na miwani juu ya kichwa, akainama kutazama.

"Umejifunza wapi?"

"Kwa shangazi, nilipomaliza la saba."

"Gauni unaweza?"

"Naweza."

"Nataka gauni la mwimbaji wangu liwake. Vile vipambo vya kung'aa vya dukani hatuviwezi, nitafutie kitu kingine. Likipita siku ya kwanza ya onyesho, kile chumba cha nyuma chenye cherehani ni chako. Utashona nguo za kikundi, na za wateja wako ukipenda."

Ng'washi akakitazama kile chumba. Kilikuwa na madirisha mawili yanayotazamana, na upepo wa ziwa uliingilia huku ukatokea kule. Sakafuni palikuwa na nafasi ya mkeka wa mtoto. Maneno mengine aliyosema Jonathan hakuyasikia tena.

Kitu chenyewe kilikuwa chini ya miguu yake siku zote. Magamba ya sangara, mapana kama kucha ya dole gumba, yalizagaa uwanjani na hakuna aliyekuwa na haja nayo. Akayaokota, yakajaa ndoo mbili. Akayaloweka kwa maji moto na sabuni, akayasugua kwa jivu, akayakamulia malimau, akabadilisha maji mpaka yakabaki meupe. Akayachovya katika rangi ya mikeka, ya zambarau na ya bluu, akayaanika juu ya jiwe na kuyafunika chandarua upepo usiyachukue. Kila gamba alilitoboa kwa sindano ya moto. Kisha akaanza kuyashona kwenye kitambaa cha gauni, kutoka chini kwenda juu, gamba likilala juu ya mwenzake, kama yalivyolala kwa samaki. Wiki tatu nzima. Vidole vilimvimba. Malimi alikaa pembeni akikohoa na kutia magamba mdomoni, mama yake akiyatoa kwa kidole na kuendelea.

Alipomaliza hakujidanganya. Alijua samaki ni samaki. Alilifunga gauni kwenye shuka safi, akalipeleka uwanjani, akamfungulia Suzana, mwenzake wa pipa moja.

"Hebu nusa, shoga. Usinifiche."

Suzana akajifuta mikono, akazamisha uso kwenye kifua cha gauni, akavuta pumzi ndefu. "Sabuni," akasema. "Sabuni na limau."

Masele, mtu wa toroli, naye akaitwa. Akanusa kwapani, akanusa mgongoni, akamalizia kwenye upindo. "Mimi sisikii kitu. Suzana akivaa hili natoa ng'ombe leo hii."

"Ng'ombe gani, wewe? Toroli lenyewe la kukodi."

Wakacheka. Wakaja kina mama wengine wanne, wakanusa mmoja baada ya mwingine kwa moyo wote, na hakuna aliyesikia hata harufu ya mbali. Hawakumdanganya. Wote waliapa, na wote walikuwa wakweli.

Ijumaa asubuhi akalipeleka ukumbini. Mwimbaji alikuwa Yasmin, binti wa familia ya wafanyabiashara wa mjini, mwenye sauti nzito kuliko mwili wake. Alilivaa mlango ukiwa wazi, upepo unavuma, na gauni likamshika kama lililozaliwa naye. Jonathan akapiga makofi. Ng'washi alipomsogelea kumfunga zipu, Yasmin alikunja pua, kidogo tu, akatoa chupa ya manukato kwenye mkoba akajipulizia shingoni. Ng'washi aliona. Hakuna kitu alichokuwa hakioni. Akajua Yasmin amesikia harufu ya mwili wake yeye, harufu ya mtu wa mapanki, akarudi nyuma hatua mbili, macho chini.

Onyesho lilikuwa Jumamosi saa kumi jioni. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani, kisha madirisha yakafungwa kwa vitambaa vyeusi nyuma ya migongo yao ili taa za jukwaani zionekane. Bati lilikuwa limepigwa jua tangu asubuhi. Ng'washi alisimama pembeni ya pazia, Malimi amelala mgongoni. Yasmin alipotokea juu ya ngazi, ukumbi mzima ulishusha pumzi kwa pamoja. Lile gauni liliwaka zambarau, likawaka bluu, likatembea kama maji. Mzee mmoja wa mbele akavua kofia. Ng'washi akaushika mguu wa mtoto wake ulioning'inia, akaubana.

Wimbo wa kwanza ukaisha kwa vigelegele. Wa pili ulikuwa ule wa huzuni, wa kumsubiri mpiga tarumbeta, na Yasmin aliuimba akiwa amesimama tuli chini ya taa zote. Katika ubeti wa pili Ng'washi akaona mwanamke wa mstari wa mbele anavuta mtandio puani. Akaona jirani yake naye anafanya hivyohivyo. Yule mzee akageuka kutazama chini ya kiti chake. Kisha sauti ya mwanamume ikatoka katikati ya watu, wala haikuwa kubwa:

"Jamani, sangara kashuka ngazi."

Kicheko kilianza pale kikaenda mpaka mlangoni. Yasmin aliendelea kuimba, machozi yanamtoka, na watu wakacheka zaidi kwa sababu ya machozi. Ubeti wa tatu hakuufikisha mwisho. Aligeuka, akapanda ngazi zake, akaondoka, na bendi ikabaki inapiga peke yake mpaka Jonathan alipoamuru pazia lifungwe.

"Nivueni," Yasmin alikuwa anasema huko nyuma. "Nivueni hili dude, nakufa."

Wakalivua, likaanguka sakafuni kwa mlio wa vigae vidogo. Jonathan alikuwa ameziba pua kwa leso. Ng'washi akaliokota, akaweka uso wake palepale Suzana alipoweka, akavuta hewa. Sabuni. Akavuta tena, kwa nguvu, mpaka gamba likamchoma mdomo. Sabuni na limau.

"Lakini halinuki," akasema. "Kaka Jonathan, kweli kabisa, halinuki. Watu sita wamenusa."

"Watu gani?"

"Wa uwanjani. Wenzangu."

Yasmin, amejifunga kanga, akaacha kujifuta uso akamtazama.

"Wote wa mapanki?"

"Ndiyo."

"Dada, na wewe hata sasa husikii? Sasa hivi, hapo ulipo?"

"Sisikii."

Yasmin akakaa polepole juu ya sanduku la nguo. Hasira ilimtoka usoni, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi kwa Ng'washi kukitazama. "Jana nilidhani ni wewe," akasema. "Niliona aibu kukuambia."

Hapo ndipo Ng'washi alipoelewa. Akashika mkasi. "Nipeni dakika chache. Nitayang'oa, nitaacha kitambaa cha ndani." Akaanza kukata, magamba yakaruka, akakata nyuzi alizozishona mwenyewe wiki tatu. Malimi aliamka akaanza kukohoa. Safu moja, safu mbili. Huko mbele watu walikuwa wanapiga miguu wakitaka mchezo uendelee. Jonathan akauchukua mkasi mkononi mwake taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Acha, Ng'washi. Yasmin atavaa nguo yake nyeusi."

"Na chumba?"

Jonathan akautia mkasi mfukoni.

"Naomba unisikilize. Mtoto ana kifua. Nesi ameniambia nimtoe kwenye moshi. Nitafagia, nitafua, nitashona vifungo tu, magauni ashone mwingine. Nipe hata pale kona."

"Mshono wake hauna kosa," Yasmin akasema. "Nguo haijanikaa hivi hata siku moja."

"Najua." Jonathan alishusha miwani machoni, akaivua tena. "Kuna fundi wa Buswelu, nilimwambia likishindikana hili atakuja Jumatatu na cherehani yake. Nimeshamwahidi. Na watu wangu wote leo wamechekwa, dada yangu. Nitawaambia nini?"

Ng'washi akamfunga Malimi vizuri mgongoni, akapitia mlango wa nyuma. Tarumbeta ilikuwa imeanza.

Jumapili alipaka shubiri kwenye matiti. Malimi alinyonya, akakunja uso, akamtazama mama yake kama mtu aliyesalitiwa, akalia mpaka akaishiwa sauti. Siku ya nne aliacha kuomba.

Alhamisi mama yake Ng'washi alikuja kutoka Kwimba. Walikutana stendi ya Nyegezi, karibu na mabasi ya kurudia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Umeshamwachisha?"

"Ndiyo. Usiku anatafuta. Umpe maji ya vuguvugu, siyo ya baridi. Na usipikie ndani."

"Mimi nimelea saba, Ng'washi."

"Najua, mama. Usipikie ndani tu."

Bibi akampokea mtoto, akapanda naye basi. Malimi alidhani ni mchezo; kutoka dirishani akamnyooshea mama yake biskuti iliyotafunwa, akairudisha, akanyoosha tena, anacheka. Kondakta akagonga bodi. Basi lilipoanza kutembea, ile sura ndogo ikabadilika, na kilio chake kikasikika mpaka basi lilipokata kona ya barabara kuu, na baada ya hapo Ng'washi hakujua kama bado anakisikia au la.

Mtoto wa mtu mwingine alikuwa analia kwenye benchi la stendi. Maziwa yakamtoka Ng'washi, yakalowesha blauzi yote ya mbele. Alijifunga kanga kifuani, akaikaza mpaka ikauma. Saa nne toroli zingekuwa zinafika uwanjani, naye alikuwa upande wa pili wa mji. Akaanza kutembea.