Prego, Neno la Mezani Kwetu

Mama alikuwa mpishi wa masista wa Kiitaliano kwenye misheni, nje kidogo ya mji wa Nyeri. Kutoka huko alituletea nyumbani, kijijini Tetu, neno moja la lugha yao: prego. Masista walilisema kila walipomsogezea mtu sahani, basi mama akajua maana yake ni "kula". Hakuna aliyegusa irio kabla mama hajalisema. Mzee wa kanisa alipokuja kutuombea, alimaliza kwa "Amina", mama akaitikia "Prego", na vijiko vikaanza kazi.

Miaka ya sabini masista walinipeleka kwao kusomea ukunga. Sista aliyenipokea uwanja wa ndege alinipakia kwenye treni, akanipa mkate na mayai ya kuchemsha, akaniaga. Treni ilikuwa imeshika kasi alipokuja mwanamume wa makamo, amevaa sare na kofia. Akasimama mbele yangu, mkono ameunyoosha.

"Prego," akasema.

Moyo ulinichangamka. Ugenini kote huku, kumbe kuna anayeongea kama nyumbani! Nikadhani ana njaa. Nikamega mkate, nikamtilia kiganjani, nikaweka na yai juu yake.

"Prego," nikamjibu.

Alitazama yai, akanitazama mimi. Bibi mmoja aliyeketi mkabala nami alicheka hadi akashika mbavu, kisha akainua tikiti yake ili nielewe. Nilitahayari, nikaanza kupekua mkoba. Lakini konda hakunirudishia chakula. Aliketi, akamenya yai, akala bila haraka, ndipo akatoboa tikiti yangu.

Baada ya hapo nililisikia neno hilo kila mahali. Mlangoni lilimaanisha pita wewe kwanza. Dukani, nikusaidie nini. Nikishukuru, si kitu.

Niliporudi likizo nilimweleza mama yote hayo jikoni, naye akikoroga uji.

"Ati konda alikula?"

"Alikula, mama."

"Yai yote?"

"Yote."

"Basi alielewa. Hiyo ingine ni maneno ya barabara tu." Akakoroga kidogo, akageuka. "Na chumvi, ulimpatia?"

"Sikuwa nayo."

Alisikitika kweli, kana kwamba mgeni alikula kwake chakula kisicho na ladha. Siku ya kuondoka nilikuta mkobani mayai, na kando yake chumvi aliyoifunga kwa karatasi, ya kutosha behewa zima.