Risiti za Bima za Hoyt Sirmans

Kila mwaka, wiki ya kwanza ya Februari, Hoyt Sirmans alikuja kwangu kujaziwa fomu za kodi akiwa na mifuko miwili. Mmoja ulikuwa wa kokwa za pekani alizozibangua mwenyewe. Wa pili ulikuwa mfuko wa mkate uliobanwa kwa kibanio cha nguo, na ndani yake risiti kumi na mbili za bima ya afya, moja kwa kila mwezi. Pekani nilizipokea. Risiti nilimrudishia.

"Hizi hazifai, Hoyt. Nilikwambia mwaka jana, nikakwambia mwaka juzi."

"Dola mia sita na arobaini kila mwezi, Bi Delphia, na hazifai popote? Hata kuwashia moto?"

"Kuwashia moto zitafaa. Kamwashie mkeo Vonceil jiko."

Alicheka, akakibana kibanio chake, akaondoka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Najaza watu kodi katika sebule yangu mwaka wa ishirini na tisa sasa, na hapa mjini hakuna anayebishana nami. Sheria ya serikali kuu naijua kama Baba Yetu: gharama za afya hazihesabiwi mpaka uorodheshe matumizi yako moja moja, na tena yawe makubwa kweli. Hoyt, kama sisi wote huku, alichukua lile punguzo la jumla wanalompa kila mtu. Kwa hiyo risiti zake hazikuwa na kazi. Na fomu ya jimbo letu la Georgia nilijua inaifuata ya serikali kuu kama ndama anavyomfuata mama yake. Nilijua! Hakuna balaa kama mtu aliyeacha kusoma kwa sababu anajua.

Hoyt alikuwa seremala wa makabati kwenye karakana ya watu sita, na tajiri wake hakumpa mtu bima. Ikabidi ajinunulie, na aliyoiweza ni ile ninayoiita ya jilipie kwanza. Unalipa kila mwezi, halafu ukiugua, dola elfu saba za mwanzo za matibabu ya mwaka ule unazitoa mfukoni mwako kabla kampuni haijatoa hata senti. Mkewe Vonceil alikuwa amemtangulia kuzaliwa kwa miaka saba, keshafikisha umri wa bima ya wazee ya serikali. Hoyt alimtania kila siku: "Nimeoa mkubwa mwenye maarifa. Nami nikizeeka tu, nitapona."

Februari moja nikamwona anapapasa shingo, chini ya sikio.

"Hicho nini?"

"Kijipu."

"Jipu gani halina kichwa? Umemwona daktari?"

"Nimemwona. Anataka nipigwe picha ya ndani. Elfu moja mia tatu, tena kabla sijalala kwenye ile mashine."

"Na bima yako?"

"Bima inasema nianze mimi." Akavuta kiti. "Ndiyo maana nimekuja mapema. Ukiona serikali inanirudishia za kutosha, nakwenda wiki hiyohiyo."

Nikapiga hesabu. Marejesho yake, ya serikali kuu na ya jimbo pamoja, yalikuwa dola mia mbili na kumi. Akausukuma tena mbele yangu ule mfuko wa mkate. Nami nikausukuma kwake.

"Nenda hivyohivyo, Hoyt. Ngojangoja huumiza matumbo."

"Tumbo langu halina neno. Ni shingo."

"Nami sitanii! Mwambie mchungaji, kanisa likukaangie samaki."

Huku kwetu mtu akiugua, kanisa linakaanga samaki Jumamosi, sahani zinauzwa, fedha anapewa mgonjwa. Na mkaangaji alikuwa Hoyt mwenyewe, miaka ishirini na zaidi. Amewakaangia wenye figo, wenye saratani, hata mtoto wa watu aliyeungua. Akanitazama kana kwamba nimemvua suruali hadharani.

"Mimi nisimame pale mlangoni nipokee? Hapana. Mwakani, Bi Delphia."

Mwakani akaja na shali shingoni, marejesho yakawa mia na themanini. Mfuko ukaja mbele yangu, mfuko ukarudi kwake.

Novemba ya mwaka huo nikaenda mji wa Macon kwenye mafunzo yetu ya kila mwaka, yale ninayohudhuria ili nipewe cheti na chakula cha mchana. Mwalimu alikuwa binti mdogo tu. Akafungua ukurasa wa makato ya fomu ya jimbo, akasema ada za bima ya jilipie kwanza, kama hukuzikata kwenye fomu ya serikali kuu, unazikata hapa kwenye kipato, na kodi inapungua. Bila kuorodhesha matumizi. Akageuza ukurasa.

"Hebu rudi nyuma, mwanangu. Hilo limeanza lini?"

"Zamani, mama. Zaidi ya miaka kumi."

Jamani! Nikauliza kama mtu anaweza kudai ya nyuma, akasema miaka mitatu, si zaidi. Nikatoka, nikaketi kwenye gari, nikapiga hesabu nyuma ya bahasha. Kwa miaka mitatu, jimbo lilikuwa na dola elfu moja mia tatu na ushee za Hoyt Sirmans.

Sikupita kwangu. Nilimkuta barazani anapiga msasa mguu wa kiti, Vonceil kando yake anachambua mboga. Kile cha shingoni kilikuwa kimefika ukubwa wa yai. Nikasema yote nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitalia kabla sijamaliza.

Vonceil akaweka kisu chini. "Alikuuliza, Delphia. Kila mwaka alikuuliza, na kila mwaka alirudi akanisimulia. Ukamwambia akawashie moto."

"Ndiyo."

"Ukacheka."

"Nilicheka, ndugu yangu."

"Basi, Vonceil," Hoyt akasema. "Mtu kaja mwenyewe, hakuletwa."

Nikatoa hundi yangu ya elfu moja mia tatu. Hoyt akatikisa kichwa. Vonceil akanyoosha mkono: "Lete hapa. Huyu akileta kiburi chake leo, nitamlaza kwenye ile mashine mimi mwenyewe." Kisha Hoyt akaniongoza kwenye banda lake la kazi. Mifuko ya mkate ilikuwa imening'inia kwenye misumari, kila mmoja umeandikwa mwaka wake.

"Nilijua siku moja utazikubali," akasema. Hakuwa ananikejeli, na ningeona nafuu kama angekuwa ananikejeli.

Akapigwa picha wiki iliyofuata. Saratani ilikuwa imeshashuka mapafuni. Daktari akamuuliza alikuwa wapi miaka yote hiyo, naye akajibu, "Nilikuwa nangoja kodi." Januari ikaingia, na Januari zile elfu saba zinaanza upya, hata kama Desemba umetoa damu. Wakauza gari lake, na Jumamosi moja kanisa likakaanga samaki, wakaungua hao samaki, maana mkaangaji alikuwa kalala hospitali.

Hundi ya jimbo, ya ile miaka mitatu niliyomdaia, ilifika Aprili. Akaniletea mwenyewe kunilipa deni, shati likimpwaya. Nikaikataa, akaibandika kwenye friji yangu kwa sumaku.

"Furahi nami, Bi Delphia. Elfu saba zetu zimekwisha. Sasa wanalipa wao." Akacheka mpaka akakohoa.

Februari iliyofuata Vonceil alikuja peke yake, bado kavaa nyeusi. Tulikuwa hatujazungumza vizuri tangu siku ile ya barazani. Aliweka mfuko wa mkate mezani, na mara hii sikuusukuma. Nilifungua kibanio nikazipanga risiti kufuata miezi. Januari, Februari, Machi. Nikafika Septemba, nikatia mkono tena ndani ya mfuko.

"Ni tisa tu," Vonceil akasema. "Ziandike zote."

Nikaziandika zote.