Nitavuka Mto

Mwenyekiti wa chama cha watu wa kwetu Kivu hapa London alinipigia simu nikiwa ndani ya basi, natoka kazini ghalani Hayes. Alitaka Jumapili nisimame mbele ya kamera nieleze jinsi wapiganaji wa mlimani walivyomrudishia mama shamba lake, ili wafadhili waone kwamba wanajua kutawala.

"Ukisema vizuri, ndugu yangu," akaongeza, "kwa wakubwa wa mlimani nitakuombea hilo shamba tena."

Tena, kwa sababu lilikuwa limekwisha kuchukuliwa mara ya pili.

Habari ya mara ya kwanza ni ya kweli. Jirani alisogeza mpaka hadi ndani ya migomba yetu. Watu wa mlimani hawakusikiliza kesi ya mtu asiyeleta mbuzi, na mama hakuwa na mbuzi. Kisha kundi jingine likashika ng'ambo ya mto, likafungua baraza lisilodai chochote. Mama akaenda kwa kamanda wa mlimani, akamsalimu kwa heshima, akasema, "Basi nitavuka mto."

Wiki haikuisha. Kamanda mwenyewe aliita wazee, wakakaa kwenye ghala la kahawa bila kudai mbuzi, wakasikiliza pande zote mbili, wakapima ardhi kwa kamba. Ncha moja niliishika mimi. Shamba likarudi. Kijiji kizima kikajifunza maneno ya mama, na kwa muda tulitawaliwa vizuri kweli.

Halafu wale wa ng'ambo wakashindwa vitani, wakatawanyika. Ghala la kahawa likawa jela. Jirani yule yule akapeleka mbuzi wake. Mama alipokwenda kulalamika, kamanda alimwuliza akicheka, "Leo utavuka kwenda kwa nani?"

Tangu hapo nimehama miji na vyumba vingi, na kila ninapofika natafuta harufu ya migomba baada ya mvua. Kwa hiyo ahadi ya mwenyekiti ilinikaa moyoni. Jumamosi nilimpigia mama, anayeishi mjini kwa dada yangu, nikamweleza. Aliuliza kama huyo anayeahidi ni mtu wa mlimani. Nikasema ndiye.

"Basi sema yote, papa," alisema, maana ndivyo mama wa kwetu anavyomwita mwanawe. "Wakinipa leo, watachukua tena mbuzi mwingine akipita."

Jumapili nikasimulia mbele ya watu ukumbini. Nilipofika kwenye kamba, ukumbi ulipiga makofi. Nikaendelea mpaka kwenye swali la kamanda. Mwenyekiti akamwonyesha mpiga picha ishara, na taa ya kamera ikazimwa. Nikaendelea bila taa, nikiwaangalia waliokaa. Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele alisema kwa sauti ya kawaida kwamba mama yake naye aliulizwa vivyo hivyo.

Mlangoni mwenyekiti aliniambia nisahau lile shamba. Nikamjibu kwamba nitalidai kwake, na kwa yeyote atakayekalia kiti chake.