Nafasi Kati ya Sokwe na Mtu

Usiku ule nililala na hasira, na njaa juu yake, maana chakula kilinishinda. Mchana Profesa, mkuu wa idara yetu ya anatomia, alikuwa amenipa kazi ya kupanga kabati la maonyesho ili wanafunzi wa sekondari walinganishe ubongo wa binadamu na wa sokwe. Kazi nzuri, na naipenda. Ila alitaka mafuvu matatu yapangwe kama ngazi: chini la sokwe, juu la Mzungu mmoja, lililoletwa zamani kwa ajili ya kufundishia, na katikati fuvu la mzee wa kwetu Uchagani, lililochukuliwa mgombani enzi za mkoloni. Nilimuuliza, katikati ya nini na nini? Akacheka.

"Ni mpangilio tu, mama. Ndivyo ulivyokuwa tangu zamani."

Kisha akanikumbusha, kwa upole wote, kwamba mkataba wangu unakaribia kwisha.

Usingizi uliponichukua nikajikuta jikoni kwa mama, Marangu, mchana kweupe. Mwalimu Anselma alikuwa ameketi kwenye kigoda, anapepeta ulezi, ule wa kutengenezea pombe yetu ya mbege. Mwalimu ndiye aliyenifundisha anatomia, na miaka mingi kabla yangu alimfundisha Profesa mwenyewe. Nilijua kwamba amekufa, nilikuwepo tulipomzika, lakini mle ndotoni jambo hilo halikunishtua hata kidogo. Nilipiga goti nikamwamkia. Alinisogezea ungo tu, na juu ya ule ulezi kuna mafuvu matatu.

Nikaelewa anachotaka. Yeye ndiye aliyetufundisha kupima nafasi ya ubongo kwa kulijaza fuvu ulezi kupitia tundu la chini, kisha kuumimina ulezi huo kwenye bakuli. Anajaza la sokwe, anamimina: bakuli halifiki hata nusu. Anajaza la mzee: bakuli linajaa mpaka ukingoni. Anajaza la Mzungu: linajaa vile vile. Nainua macho, na jikoni si jikoni tena, ni ukumbi wetu wa mihadhara, na Profesa amesimama mezani, kijana kabisa, hana mvi hata moja. Sasa anajaza yeye. La Mzungu analitikisa, anashindilia kwa kidole gumba, ulezi unashuka, anaongeza mwingine. La mzee anamimina juujuu na kuliweka kando. Halafu anageuka na kututangazia kwamba la mzee ni dogo.

Damu ilinichemka, ndoto au si ndoto. Kila aliyewahi kununua nafaka sokoni anaujua mchezo huo, na mchuuzi akiufanya tunamwita mwizi mbele ya watu. Huyu akiufanya anaitwa mtaalamu.

Mwalimu akamnyang'anya fuvu mikononi.

"Elibariki! Kipimo kimoja, mkono mmoja!"

Sijawahi kusikia mtu mwingine akimwita Profesa kwa jina hilo. Nikageuka nione uso wake, lakini hayupo, na ukumbi nao haupo. Tuko msituni, kwenye kichuguu. Sokwe jike anachambua majani ya kijiti, anakitumbukiza shimoni, anakivuta kikiwa kimejaa mchwa, anakula taratibu. Mtoto wake hauachi mkono wa mama kwa macho. Kichwani mwake, najua, ubongo una mikunjo mingi ya ile ninayoikuta kwetu, na mahali pale pale. Wetu ulikua mkubwa kuliko wake, na huchelewa sana kukomaa, ndiyo maana mtoto wa binadamu hubebwa miaka, akimaliziwa ubongo mgongoni kwa mama na katika maneno ya watu wa nyumbani. Wa sokwe hukomaa mapema zaidi, kwa maisha yake mwenyewe. Namtazama, na wala haonekani kungoja awe mimi.

"Huyu si babu yako," anasema Mwalimu. "Babu yenu nyote wawili alishakufa zamani mno. Huyu ni binamu. Nani humpanga binamu yake kwenye ngazi?"

Nataka kumjibu, lakini miti imekwisha kuwa migomba, na kati ya migomba amesimama mzee mwenye blanketi begani. Simjui sura, ila najua ni nani. Kwetu, enzi zake, fuvu la mzee liliwekwa mgombani kwa heshima, awe karibu na wanawe. Ananitazama mimi, si Mwalimu.

"Mmenitoa hapa mkaniweke wapi?"

Mwalimu Anselma ndiye aliyesogea mbele, akasimama kati yangu na yule mzee, akasema kwa ghadhabu.

"Mwambie Elibariki hivi. Ikiwa ni lazima mtu akae kati ya sokwe na binadamu, amwache mzee huyu. Aje anifukue mimi, mwalimu wake, aniweke pale."

Niliamka. Kulikuwa kumekucha, majirani wanafagia uwanja. Sikunawa hata uso, nikachukua simu.

"Shikamoo, Profesa. Mwalimu Anselma amenituma kwako."

Nikampa ujumbe wote, neno kwa neno, na jina la Elibariki nikalitaja vile vile alivyolitaja Mwalimu. Nilikuwa nangoja anicheke tena. Badala yake akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua:

"Alikuwa amekasirika sana?"

"Sana," nikamwambia. "Na mimi pia. Mafuvu yale sitayapanga hivyo."