Siku Zephania Alipotawala Hallonbergen

Zephania ni fundi wa lifti. Alikuja Uswidi kusomea ufundi, akabaki, na kwa miaka ishirini na sita amewapandisha na kuwashusha watu wa Stockholm bila kumuudhi mtu. Nyumbani kwake Hallonbergen, pembezoni mwa jiji, hata hivyo, neno la mwisho ni lake, au ndivyo anavyodhani.

Mwaka huu mkewe, Paskalia, alipata nafasi ya kusomea uuguzi katika mji wa Uppsala. Alitakiwa aikubali kwa mtandao kabla ya Jumatatu. Zephania akajibu badala yake, kwa mdomo: "Mama Japhet, ukishinda Uppsala, mimi nitapikiwa na nani?" Paskalia akanyamaza. Namjua tangu tulipokuwa tukifanya usafi pamoja hospitalini: akinyamaza, jihadhari.

Jumamosi ile chama chetu cha Waswahili kilikuwa na sherehe. Mwenzetu Benedicta alikuwa ametunga mchezo juu ya Mfalme Munir, mwanamageuzi wa nchi ya Kiarabu ambayo Benedicta aliibuni mwenyewe, ubalozi wowote usije ukalalamika. Munir anarithi kiti akiwa na miaka kumi na tisa, anapiga marufuku kubusiwa mkono, anafungua shule za wasichana, na kila Alhamisi anaketi barazani kusikiliza raia mpaka anazeeka. Zephania alipewa ufalme kwa sababu moja tu: ndiye mwenye joho na kilemba.

Mimi nilikuwa pembeni ya jukwaa na karatasi za maneno, kumnong'onezea atakayesahau. Kosa letu lilikuwa lile baraza. Waigizaji wawili tu walipaswa kuja na shida zao, basi. Lakini watu wetu wamezoea ofisi zinazojibu kwa barua baada ya wiki sita. Wakamwona mtu kwenye kiti kikubwa, anasikiliza, tena anajibu papo hapo! Bethuel, Mkenya wa Rissne, akainuka kutoka safu ya tatu akapanda jukwaani. Nyuma yake wakajipanga wengine, kwa foleni, maana Uswidi imeshatuharibu.

"Your Majesty," akasema Bethuel, "mikutano yetu huanza masaa mawili late. Please, fanya kitu."

Zephania akanitazama. Karatasi zangu hazikuwa na neno. Akainua kidevu.

"Kuanzia leo mlango utafungwa saa kamili. Hata kwa mwenyekiti!"

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Cyriaque, Mrundi, akashtaki kwamba wanawe humjibu kwa Kiswidi. Mfalme akaamuru baba kwanza aweke simu chini wakati wa kula. Vigelegele tena. Kichwa cha Zephania kilivimba hata nikatamani kumrushia kiatu.

Ndipo Paskalia akatoka jiko la ukumbi, aproni kiunoni, akajiunga na foleni. Zamu yake ikafika.

"Mtukufu mfalme, nimepata nafasi ya kusoma. Mume wangu hataki."

"Kwa nini?" Sauti ya mfalme ilikuwa imepungua.

"Anauliza atapikiwa na nani."

"Aibu!" akapaza sauti mama mmoja. "Nani huyo? Mleteni!"

"Yumo humu humu," akasema Paskalia. "Amevaa joho."

Tulicheka mpaka viti vikalia. Zephania alivua kilemba akakiweka magotini, na hapo, nakiri, nilimwonea huruma. Angeweza kusema ule ni mchezo tu.

"Mfalme anasema aende."

"Na mume anasemaje?" akauliza Paskalia.

Alikizungusha kilemba magotini. "Mume anaogopa, mama Japhet. Utarudi umemzidi."

"Nimekuzidi zamani, baba Japhet. Na kila jioni narudi."

Hakuna aliyecheka. Paskalia akatoa simu kwenye aproni, akamnyooshea. Zephania akaitazama, akabonyeza mahali palipoandikwa ndiyo, akamrudishia. Kisha akainama, akanong'ona, ila kipaza sauti kilikuwa bado kifuani pake, kwa hiyo tulisikia sote.

"Sasa niambie. Ugali, unga hutiwa kabla maji hayajachemka, au baada?"