Matanga ya Mtoto wa Sinema

Harufu ya bisi zilizoungua hadi leo inanirudisha St. James Town, kwenye ukumbi wa chini wa jengo letu, ambako kanisa letu la Wakongomani lilikuwa likifanya ibada. Mimi Sifa shule sikuifikisha mbali, mtanivumilia. Lakini jambo hili nalijua lote, na majina nitayataja.

La kwanza ni Odette, dada ya baba yangu. Ndiye aliyenitoa Uvira wakati wa vita akanileta Toronto, nikiwa bado msichana mdogo. Tuliondoka na dada yangu Riziki, tukafika bila yeye. Alipigwa risasi njiani, hata kumzika hatukumzika. Kila nilipouliza tutamfanyia lini matanga, Tantine, ndivyo nilivyomwita, alijibu kwamba Kanada watu hawalii kwa sauti, majirani wataita polisi. Nikaamini. Nikajifunza kulia nikiwa nimefunika uso na koti.

Jumamosi moja ya baridi kali Pasta akatuletea sinema ya vita vya zamani vya Wazungu, hadithi iliyotolewa kwenye kitabu. Akatundika shuka jeupe ukutani, bisi zikaungua jikoni. Lugha yao hatukuielewa, lakini watu wanaokimbia na magodoro hawahitaji mkalimani. Mwanzoni wamama walicheka: wakimbizi gani hawa, wanakimbia na kofia za manyoya? Kisha msichana mmoja, wa umri wa Riziki kabisa, akazidiwa na baridi kwenye stesheni ya treni.

"Umufunike miguu, weye mama!" Mama Kavira, aliyekimbia pamoja nasi kutoka Uvira, akamgombeza mama wa kwenye sinema. Wapi. Mtoto akafa.

Ndugu zangu, sinema yetu iliishia hapo. Wamama walisogeza viti pembeni, wakavua viatu, wakafungua vilemba, wakatandika vitenge na kukaa chini, kama inavyofanywa kwetu mtu akifa. Mmoja akaanzisha wimbo wa kilio, wengine wakaupokea. Pasta akazima mashine, akawaambia kwa upole kwamba ni sinema tu, mambo ya kitabuni.

"Na kitabu kiliyatoa wapi?" Mama Kavira akamuuliza.

Aliyelia kuliko wote ni Odette. Alijipiga kifua, akajigaragaza, na sauti yake ilipanda ghorofa zote. Hakuna jirani aliyegonga. Mimi niliona wivu. Yule mtoto alikuwa na matanga, alikuwa na mama wa kumshika kichwa, na sasa anachukua hata machozi ya shangazi yangu. Nikaenda kuchuchumaa karibu naye, nikamwambia, "Tantine, tumlilie na Riziki."

Akanifinya mkono. "Sifa, usituharibie kilio."

Nikajifunika uso na koti. Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima, Downsview, mtaa mwingine wa Toronto, kwenye kiwanda cha mikate, Mama Kavira na mimi tukifungasha mikate meza moja. Siku zote nilijua kwamba Riziki aliuawa akirudi tulikotoka. Kwa nini alirudi, sikujua. Mama Kavira alijua. Odette alikuwa amesahau sufuria yake kubwa, akamtuma Riziki akaichukue.

Na matanga yetu yana sharti lake. Ndugu mkubwa husimama mbele ya watu akaeleza kifo tangu mwanzo: marehemu alikuwa wapi, na nani, ilikuwaje. Na watu huuliza maswali. Kumbe Odette hakuwa akiogopa polisi.

Mtoto wa sinema alililiwa kwa sababu mle ukumbini hakuwemo mtu aliyemtuma popote. Na ninajua sasa kwamba jina alilokuwa akiliita Odette moyoni halikuwa la mtoto wa Kizungu. Yule msichana nilishaacha kumwonea wivu. Ninayemwonea wivu ni Odette. Yeye alimlilia dada yangu kwa sauti, na watu wakamshika mabega. Mimi nilifinywa.