Makubazi ya Mtemi wa Isungilo

Matonya, mshona makubazi, alikuwa na ugonjwa usio na dawa: kuuliza. Isungilo nzima ilimjua hivyo. Nchi yenyewe ilikuwa kiganja tu, kati ya vilima viwili na kijito kimoja, mwendo wa asubuhi kutoka Gulwe. Lakini ilikuwa na mtemi wake, na mtemi alikuwa na mwiko: nyayo zake zisikanyage udongo wa nchi nyingine, wala maji ya kijito cha mpakani. Akikanyaga, utemi unambanduka papo hapo, na mvua haina tena wa kuiita.

"Akikanyaga kwa kidole tu je?" Matonya aliwauliza wazee, na huyo ni mtu mwenye wajukuu! "Na akijikwaa akaangukia magoti? Utemi unatokea wapi, kisiginoni au utosini?" Wakamwambia akashone ngozi zake. Akaenda kushona, huku bado anawaza. Jamani, alikuwa anachosha yule!

Mwaka ule Wajerumani walipokuwa wakitandika reli kuelekea Dodoma, askari aitwaye Mustapha akaja na amri kutoka bomani. Mtemi Mlewa aende mwenyewe, kwa miguu yake, akapewe bendera. Asipokwenda, ng'ombe watachukuliwa na tembe zitachomwa. Wala hakuwa anatishia nyau; moshi wa kwa jirani zao walikuwa wameuona kwa macho yao.

Wazee wakakuna vichwa. Kumbeba njia nzima haikuwezekana, amri ilisema kwa miguu yake. Ndipo Matonya akauliza tena, "Je, nikimshonea makubazi ya ngozi ya fahali, yenye kingo kama za ungo, nikayajaza udongo wa hapa, atakuwa anakanyaga wapi?"

Wakatazamana.

"Atakuwa anakanyaga Isungilo," mmoja akasema polepole, na siku hiyo hakuna aliyemfukuza.

Akachekecha udongo, akashona, na mwenyewe akafuatana na mtemi, maana nyuzi zikikatika nani atazishona? Pale kijitoni akambeba mtemi mgongoni. Kisha wakaandamana, Mtemi Mlewa akiburuta miguu kama bata, Mustapha mbele akipiga mbinja, na Matonya macho yake yote chini.

"Matonya, unanitazama miguu kama anayengoja kuku atage."

"Nangoja nione, Mtemi."

"Uone nini?"

"Sijui. Ndiyo maana natazama."

Mtemi akacheka mpaka akakohoa.

Bomani palikuwa na baraza ya saruji, imeoshwa inang'aa. Mustapha akanyoosha kiboko akizuia njia. "Vua hayo madude yako, mzee. Bwana Mkubwa hataki uchafu hapa."

"Haya siwezi kuvua," mtemi akasema.

"Basi ni viboko hamsa ishirini, halafu moto kwenu. Shauri yako."

Lo! Miaka yote Matonya alitamani kujua kitakachotokea, na sasa kilipokaribia akatamani kufumba macho. Alimwogopea yule mzee, alimwonea huruma. Mtemi akageuka akamtazama.

"Binti yako kajifungua?"

"Juzi, Mtemi. Wa kike."

"Wamelala kwenye tembe yako?"

"Ndiyo."

Mtemi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekwisha kukubaliana na bei. "Udongo wetu haukai pasipo mtemi. Mimi nikitoka, wewe ingia."

"Mimi? Mshona ngozi?"

"Leo usiniulize, Matonya. Vaa."

Akachomoa mguu mmoja, akauweka barazani. Matonya akakodoa macho. Hapakuwa na radi wala nini. Ulikuwa mguu tu wa mzee, una magaga, juu ya saruji. Kisha wa pili. Mtemi akaingia ndani asitazame nyuma.

Matonya akavaa. Udongo ulikuwa bado una joto la mwenzake. Akangoja utemi umpande, sijui kisiginoni, sijui utosini. Alichosikia ni kokoto kali chini ya kidole gumba, ile iliyompita akichekecha. Kumbe mzee alitembea nayo safari nzima, hakusema neno! Hapo machozi yakamtoka, na askari wakamcheka.

Mlewa alitoka na bendera kwapani na kofia nyekundu kichwani. Wajerumani wamemfanya jumbe wao. Matonya akainama haraka ayavue makubazi.

"Acha," Mlewa akamzuia. "Nimeshakanyaga. Uliona nini?"

"Sikuona kitu. Mguu tu."

"Hata mimi nilidhani nitaona kitu," Mlewa akasema.

Wakarudi, safari hii Matonya ndiye anayeburuta miguu, kokoto ikimchoma, naye hakuitoa. Kwenye kijito cha mpakani Mlewa akaingia majini, magoti yakalowa, akavuka. Matonya akabaki ukingoni. Ng'ambo watu wa Isungilo walikuwa wamejipanga wanapiga vigelegele, wanamshangilia mwenye kofia.

Mtemi haruhusiwi kukanyaga maji yale. Na nani angejua kwamba mtemi ni yeye? Akanyanyua mguu, akaurudisha. Hakuwa na wa kumuuliza.

Mlewa akasimama, akageuka. Akamkabidhi bendera mtu wa kwanza aliyekuwa karibu, akarudi kupitia maji yale yale, akampa Matonya mgongo na kuchuchumaa. Vigelegele vikakatika.

"Panda, Mtemi," akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote.